Kinga ya Kuazima: Mgomba, Mnyauko na Jeni za Pilipili Hoho

Wahenga walisema kwamba mgomba haushindwi na mkunguwe. Methali hiyo huwahusu wazazi na mizigo ya watoto wao, lakini aliyeitunga aliutazama mmea wenyewe kwa makini. Kisayansi mgomba si mti, bali ni jani kubwa la kondeni. Kile kiitwacho shina ni mikono ya majani iliyokumbatiana, imejaa maji, na shina la kweli limo ardhini katika umbo la tunguu. Hata hivyo shina hilo laini hubeba mkungu unaoweza kufikia kilo 30 na zaidi, na likafanya hivyo kwa miezi bila kuvunjika.

Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria, methali hiyo imepata mtihani mgumu. Tangu mwaka 2001 umeenea huko ugonjwa ambao mara nyingi humwingia mgomba kupitia ua lake, mahali pale pale unapoanzia mkungu. Ndizi huiva kabla ya wakati wake huku zikioza ndani, majani hunyauka, na mwishowe shina zima huanguka. Ugonjwa huo ni mnyauko wa bakteria. Waganda huuita kiwotoka, na wakulima wa mkoa wa Kagera nchini Tanzania huuita unyanjano.

Uzito wa jambo hili hupimwa kwa chakula cha watu. Inakadiriwa kwamba Mganda wa kawaida hula zaidi ya kilo 200 za ndizi kwa mwaka, kiasi ambacho ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Ndizi ni chakula kikuu pia huko Kagera, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Shamba la migomba likitunzwa vizuri hudumu kwa miaka mingi sana, hutoa chakula mwaka mzima, na majani yake hufunika udongo usichukuliwe na mvua. Mkulima wa mahindi akipoteza mavuno amepoteza msimu mmoja, lakini mkulima wa ndizi akipoteza shamba amepoteza urithi.

Ndiyo maana wanasayansi wa Afrika ya Mashariki wamefika mbali katika kutafuta tiba. Wameazima jeni mbili kutoka katika pilipili hoho, ile isiyowasha ambayo hupikwa kama mboga, wakaziingiza katika mgomba. Makala haya yaeleza kwa nini iliwabidi kuazima, jinsi walivyoazima, walichokipata, na maswali ambayo bado yangojea majibu.

Njia tatu za adui

Asili ya habari za ugonjwa huu ni Ethiopia. Mwaka 1968 wanasayansi Dagnachew Yirgou na J. F. Bradbury walieleza bakteria waliokuwa wakiua ensete, mmea wa jamaa ya mgomba ambao ni chakula muhimu kusini mwa nchi hiyo. Mwaka 1974 bakteria hao hao waliripotiwa katika migomba ya ndizi. Kwa miaka mingi ugonjwa haukutoka nje ya Ethiopia. Kisha mwaka 2001 ulionekana katikati ya Uganda, na mwaka huo huo katika milima ya Kivu ya Kaskazini huko Kongo. Ilipofika miaka ya 2005 na 2006 ulikuwa umeingia Rwanda, Tanzania na Kenya, na mwaka 2010 uliripotiwa Burundi.

Bakteria hawa ni wa jenasi ya Xanthomonas, jina lenye maana ya umanjano, kwa sababu wakioteshwa maabarani hufanya makundi ya rangi ya manjano. Hata katika shamba, shina la mgomba mgonjwa likikatwa hutoa utomvu mzito wa manjano. Ndani ya mmea, bakteria huishi katika mishipa inayopitisha maji na chakula. Huzaliana humo mpaka mishipa ikaziba, na mmea hunyauka hata kama udongo una maji tele.

Njia ya kwanza ya maambukizo ni wadudu. Chini ya mkungu huning'inia ua dume, ambalo huangusha vifuniko vyake kidogo kidogo kila siku. Kila kinapoanguka kifuniko hubaki kidonda kibichi chenye utomvu, na nyuki na wadudu wengine huja kunywa hapo. Mdudu aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa huacha bakteria katika kidonda cha mgomba mzima. Njia ya pili ni panga. Mkulima apogoapo majani ya mgomba mgonjwa, kisha akaendelea na jirani yake bila kusafisha panga, huwa anafanya kazi ya mdudu kwa mkono wake. Njia ya tatu ni machipukizi, kwani mkulima anayechukua mbegu kutoka shamba lililoambukizwa huupeleka ugonjwa katika kijiji kipya bila kujua.

Zipo aina chache za migomba, kama Nakitembe ya Uganda, ambazo vifuniko vya ua dume lake havianguki upesi, hivyo wadudu hawapati kidonda cha kuingilia. Lakini jambo hilo lisichanganywe na kinga. Nakitembe ikikatwa kwa panga lenye bakteria huugua kama nyingine. Mlango wake umefungwa, lakini ndani hakuna askari.

Mmea usiozaa mbegu

Mwanafunzi wa elimu ya viumbe atauliza mara moja: kwa nini watafiti wasitafute mgomba wenye kinga, wakauzalisha na migomba ya kawaida, kama wafanyavyo kwa mahindi au mtama? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani ya ndizi yenyewe.

Ikatwe ndizi mbivu kwa mapana. Katikati yake vitaonekana vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga. Hivyo ni vijimbegu ambavyo havikuendelea kukua. Mgomba mwitu wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambako ndiko asili ya ndizi, una ndizi zilizojaa mbegu ngumu zisizolika. Mgomba huo una seti mbili za kromosomu zenye kromosomu 11 kila moja, yaani jumla 22. Lakini migomba mingi tunayoilima, pamoja na ile ya matoke, ina seti tatu, yaani kromosomu 33. Wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kromosomu hutakiwa kugawanyika nusu kwa nusu. Seti mbili hugawanyika bila taabu, ila seti tatu hazigawanyiki sawasawa, na kwa hiyo mbegu nzima hazipatikani. Kasoro hiyo ya uzazi ndiyo iliyompa mwanadamu ndizi laini isiyo na kokwa. Ndiyo pia iliyomfungia mzalishaji wa mimea mlango.

Kwa kuwa hauna mbegu, mgomba huendelezwa kwa machipukizi, na kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Shamba la aina moja ya migomba ni kama mmea mmoja uliorudiwa mara nyingi. Adui aliyeushinda mmoja amekwisha kuishinda yote.

Hata hivyo wazalishaji hawakukata tamaa. Nchini Uganda waligundua kwamba baadhi ya migomba ya matoke hutoa mbegu chache mno ikichavushwa na migomba yenye rutuba. Kutokana na mbegu hizo adimu walipata aina chotara, mojawapo ikiwa Kabana 6H iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2010. Lakini kazi hiyo huchukua miaka mingi, na chotara hurithi mambo mengi kwa pamoja, mazuri na mabaya, hata ladha ikabadilika. Aidha, palikosekana kitu cha kurithisha: aina za kulimwa zilipopimwa dhidi ya mnyauko, karibu zote ziliugua. Ustahimilivu wa wazi ulionekana katika mgomba mwitu uitwao Musa balbisiana, ambao ndizi zake zimejaa mbegu. Basi watafiti walilazimika kutafuta kinga nje ya ukoo wa mgomba.

Seli zinazojitoa mhanga

Mmea hauna damu wala chembe nyeupe za kuwasaka wavamizi. Kila seli hujilinda yenyewe. Mojawapo ya silaha zake ni ya ajabu, nayo ni kufa kwa makusudi. Seli inapotambua kwamba bakteria amefika, huzalisha kwa ghafula oksijeni ya namna kali inayodhuru, kisha seli hiyo na jirani zake hufa upesi. Bakteria hujikuta wamezungukwa na ukanda wa seli mfu, hawana njia nyepesi ya kusonga mbele. Wanakijiji wanaoona moto wa mbuga ukija hufyeka na kuchoma wenyewe ukanda wa nyasi, ili moto ufikapo ukose kitu cha kula. Mmea nao hutoa sehemu ndogo ili uokoe mwili mzima.

Kinachoamua ushindi ni wakati. Ukanda ukichomwa mapema, kijiji hupona. Ukichomwa moto ukiwa umekwisha kufika kwenye mapaa, kazi huwa ya bure. Mgomba ukiingiwa na bakteria wa mnyauko huchelewa, au huitikia kwa udhaifu mno.

Wanasayansi wa Academia Sinica, taasisi kuu ya utafiti huko Taiwan, walikuwa wametenga jeni mbili za pilipili hoho zinazohusika na ulinzi wa namna hii. Jeni ni kipande cha maelezo ya urithi kinachoiagiza seli kutengeneza protini fulani. Jeni ya kwanza huitwa Hrap, na protini yake huongeza ukali wa mwitikio wa seli zinapogusana na protini fulani zitolewazo na bakteria. Ya pili huitwa Pflp. Protini yake hufanana na feredoksini, ambayo hupokezana elektroni katika kazi ya usanidimwanga, na ikizidi katika seli husaidia kuongeza ile oksijeni kali wakati wa shambulio. Jeni hizo zilikuwa zimekwisha kuonyesha uwezo wa kuikinga mimea mingine, kama vile tumbaku, dhidi ya magonjwa ya bakteria.

Ifahamike basi kwamba jeni za pilipili hoho haziupi mgomba sumu ya kuua bakteria. Mgomba tayari unayo desturi ya kuzitoa seli zake mhanga. Jeni hizo huufanya uifuate desturi hiyo mapema na kwa nguvu zaidi.

Jinsi jeni inavyohama

Jeni ya pilipili yaweza kusomwa na mgomba kwa sababu viumbe wote wenye seli huandika urithi wao kwa DNA, na karibu wote hutumia alama zile zile. Tofauti kati ya pilipili na mgomba imo katika maneno yaliyoandikwa, si katika herufi. Tatizo ni kulifikisha neno jipya mahali pake.

Mchukuzi anayetumiwa ni bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium tumefaciens. Kwa maumbile yake, bakteria huyu huingiza kipande cha DNA yake katika mmea uliojeruhiwa, na mmea hufanya uvimbe. Mwaka 1974 watafiti wa chuo kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, wakiongozwa na Jeff Schell na Marc Van Montagu, waligundua kwamba uwezo huo umo katika pete kubwa ya DNA iliyo nje ya kromosomu ya bakteria. Ilipofika mwaka 1983 makundi kadhaa ya wanasayansi, likiwamo la Mary-Dell Chilton wa Marekani, yalikuwa yamefaulu kuziondoa jeni za uvimbe na kuweka mahali pake jeni walizozichagua wenyewe. Mwizi akafanywa tarishi.

Kwa upande wa mgomba kazi huanzia katika ua dume changa, kiungo kile kile ambacho shambani ni mlango wa ugonjwa. Vijiua vyake huwekwa katika chakula maalumu ndani ya chupa safi, mpaka vifanye seli changa zenye uwezo wa kuwa mmea mzima. Seli hizo huchanganywa na Agrobacterium aliyebeba jeni ya pilipili. Ni chache tu zitakazoipokea. Kwa hiyo jeni huambatanishwa na jeni nyingine ya alama, inayoiwezesha seli kustahimili dawa fulani. Dawa hiyo ikitiwa, seli zisizopokea kitu hufa, na zilizopokea hubaki. Kila seli iliyobaki huleleshwa kwa miezi mingi mpaka iwe mche, na wazao wote wa seli hiyo huhesabiwa kuwa ukoo mmoja.

Koo hizo hazilingani, kwani mpimaji hawezi kuchagua mahali ambapo jeni itajipachika katika kromosomu. Ikitua mahali pazuri hufanya kazi sana. Ikitua mahali palipozimwa, hunyamaza. Njia pekee ya kujua ni kujaribu.

Jaribio la Kawanda

Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, ijulikanayo kama IITA, na Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo la Uganda, yaani NARO. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Leena Tripathi wa IITA na Wilberforce Tushemereirwe wa NARO. Asasi ya Teknolojia ya Kilimo Afrika, AATF, yenye makao yake Nairobi, ilisaidia kupata ruhusa ya kuzitumia jeni za Taiwan bila malipo ya haki miliki.

Kwanza miche ilijaribiwa ndani ya vibanda vya wavu, ikachomwa sindano yenye bakteria. Miche ya kawaida ilinyauka ikafa. Mingi iliyokuwa na jeni za pilipili ilisimama. Lakini kibanda si shamba, ambako kuna jua, ukame, wadudu na mvua. Kwa hiyo mwezi Oktoba 2010 migomba ya koo 65 ilipandwa katika uwanja wenye ulinzi huko Kawanda, karibu na Kampala, pamoja na migomba ya kawaida ya kulinganishia. Baadhi ya koo zilibeba Hrap, na nyingine Pflp. Miongoni mwa aina zilizotumiwa ni Sukali Ndiizi, ndizi ndogo tamu ipendwayo sana Uganda. Mimea iliambukizwa kwa makusudi, ikafuatiliwa katika uzao wa kwanza na wa machipukizi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Migomba ya kawaida iliugua. Kati ya zile koo 65, sehemu isiyofika robo ilionyesha kinga kamili katika mama na katika chipukizi lake, na ukuaji na mikungu ya koo hizo haikutofautiana na ya migomba ya kawaida isiyo na ugonjwa. Mtu asiyezoea utafiti aweza kuiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Lakini mgomba huendelezwa kwa nakala, na ukoo mmoja ulio kamili watosha kuzaa mamilioni ya miche. Koo nyingi hujaribiwa ili ipatikane michache.

Baadaye jeni zote mbili ziliwekwa pamoja katika mmea mmoja. Sababu ni kwamba bakteria hubadilika, na mlango wenye komeo mbili ni mgumu kuuvunja kuliko wenye moja. Tena mwaka 2021 kundi la Tripathi lilieleza njia nyingine isiyoazima jeni. Walitumia mkasi wa kimaabara wa kuhariri DNA, wakaizima jeni ya mgomba wenyewe iitwayo DMR6, ambayo kwa kawaida hupunguza nguvu za kinga. Migomba hiyo nayo ilistahimili bakteria zaidi.

Matunda mengine, njia nyingine

Mgomba haukuwa wa kwanza kusaidiwa hivi. Mwaka 1998 wakulima wa Hawaii walianza kupanda mapapai yaliyokingwa dhidi ya virusi vya madoa ya pete, kazi iliyoongozwa na Dennis Gonsalves. Huko jeni haikutoka katika mmea, bali katika virusi vyenyewe, na papai hulindwa kwa namna inayokaribiana na chanjo. Katika Ulaya watafiti waliutia mtufaa jeni ya mtufaa mwitu inayozuia ugonjwa wa ukoko, wakahifadhi ladha ya tofaa inayojulikana sokoni. Katika Marekani, baada ya ugonjwa wa kijani wa machungwa kugunduliwa jimboni Florida mwaka 2005, Erik Mirkov wa Texas alijaribu kuikinga michungwa kwa jeni za spinachi. Na mwezi Februari 2024 Australia iliidhinisha mgomba wa aina ya Cavendish uliotiwa jeni ya mgomba mwitu dhidi ya mnyauko mwingine, ule wa kuvu uitwao ugonjwa wa Panama. Mgomba huo ulitengenezwa na kundi la James Dale wa mjini Brisbane.

Mifano hiyo yaonyesha kwamba mkopeshaji wa jeni aweza kuwa ndugu wa karibu, jirani wa mbali, au hata adui mwenyewe. La muhimu ni jeni yenyewe inafanya kazi gani katika mwenyeji wake mpya.

Maswali yanayodai majibu

Swali la kwanza la mlaji ni usalama. Watu hula pilipili hoho, na kwa hiyo protini zake si ngeni tumboni. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi peke yake, kwa kuwa wapo watu wanaodhuriwa na vyakula ambavyo wengine hula bila taabu. Kwa sababu hiyo protini mpya hulinganishwa na zile zijulikanazo kuleta mzio au sumu, na chakula chenyewe hupimwa kabla ya kibali kutolewa.

La pili ni mazingira. Kwa mahindi, chavua hupeperushwa mpaka shamba la jirani. Mgomba wa kulimwa karibu hauna chavua hai wala mbegu, hivyo jeni zake haziwezi kutoroka kirahisi. Lakini machipukizi hutembea mikononi mwa watu, kutoka kwa shangazi hadi kwa mpwa, na hakuna uzio unaozuia zawadi.

La tatu ni wingi wa aina. Maeneo ya Maziwa Makuu yana aina nyingi za ndizi za kupika, za kuchoma, za pombe na za kula mbivu. Kutia jeni katika kila aina ni kazi ndefu. Ikiwa aina mbili au tatu tu zitapewa kinga na nyingine zikaachwa zife, wakulima watakuwa wameokoa zao na kupoteza hazina.

La nne ni sheria. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bioteknolojia mwezi Oktoba 2017, lakini Rais Yoweri Museveni hakuutia saini, akaurudisha. Ulipitishwa tena ukiwa umerekebishwa mwezi Novemba 2018, nao ukarudishwa mwaka 2019. Nchini Tanzania, serikali iliamuru mwaka 2018 kusimamishwa kwa majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni huko Makutupora, Dodoma. Wanaotaka tahadhari husema kwamba mkulima asije akategemea mbegu asiyoimiliki, na kwamba kosa likitoka shambani halirudi maabarani. Wanaotaka haraka hujibu kwamba bakteria hawangojei kura. Pande zote mbili zinalinda kitu cha thamani, na uamuzi huo ni wa raia wote, wala si wa maabara peke yake.

Panda na panga

Wakati mjadala huo ukiendelea, mkulima hana budi kuilinda migomba aliyo nayo, na sayansi imempa njia za kufanya hivyo. Ua dume liondolewe mara tu chane ya mwisho inapotokea, na livunjwe kwa mti wenye panda badala ya kukatwa kwa panga, ili chuma kisibebe bakteria. Panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia shina jingine. Machipukizi yachukuliwe katika mashamba yasiyo na ugonjwa. Zamani mkulima aliagizwa kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake, kazi iliyowachosha wengi wakaiacha. Baadaye ilibainika kwamba bakteria hawasambai daima katika kila chipukizi la shina moja. Kukata shina linaloonyesha dalili usawa wa ardhi, mapema na kila linapoonekana, hupunguza ugonjwa shambani mwaka hadi mwaka.

Njia hizi zina sharti moja zito, nalo ni kwamba sharti zifuatwe na wote. Mkulima mmoja mzembe huwarudishia jirani zake bakteria waliokwisha kuwafukuza, kwa kuwa nyuki hajui mpaka wa shamba. Hapo ndipo thamani ya mgomba wenye kinga yake mwenyewe huonekana, kwani humlinda hata mwenye jirani asiyejali. Lakini mgomba huo nao, siku utakapofika shambani, utahitaji panga safi na macho makini, maana hakuna kinga isiyoweza kuzoewa na adui baada ya muda.

Walimu wenye bustani ya migomba shuleni waweza kuanza somo hili bila maabara. Wanafunzi na wahesabu vifuniko vinavyoanguka kutoka katika ua dume kwa wiki moja, waandike ni wadudu gani wanaotua hapo na saa ngapi, kisha wajibu swali hili: bakteria mmoja akiingia leo katika mgomba ulio pembeni mwa bustani, ataufikia ule wa katikati kwa njia ngapi, na ni ngapi kati ya njia hizo zinazoweza kufungwa kwa mkono wa mtu?